Uzi wa Bluu

Kila Jumatatu ya Pasaka watu wa kisiwa kile hupanda kilimani kushindana kwa kurusha vishada. Uzi hupakwa gundi na unga wa chupa, ili ukate uzi wa mwenzako. Deoraj alizoea kusagiwa chupa na mkewe, Merle. Mwaka huu Merle alisema mikono inamuuma.

Jirani yao Cuthbert alipomkatia uzi, Deoraj alikwenda kumpa mkono, akaona uzi wa Cuthbert unametameta bluu. Chupa ya bluu aliijua moja tu, ya manukato aliyomnunulia Merle siku ya ndoa.

“Nani kakusagia, ndugu yangu?”

Nyuma yao Merle akaacha kupiga makofi, akaficha vidole ndani ya mtandio. Angani, kishada kilichokatika kilikuwa bado kinakwenda.