Choroko za Mgeni

Mgeni kutoka ng'ambo alipoomba sampuli ya choroko, Bi Somoe, mtunza ghala, alimletea bakuli la zile alizozichambua kwa siku mbili, punje moja moja, kama anavyomchambulia yeyote anayekuja kula kwake.

Mgeni akazitazama kwa lenzi, akasema maneno mengi huku anacheka. Likwata, katibu wa ushirika, akatafsiri: "Hajawahi kuona choroko safi hivi. Watachukua zote, tani arobaini. Na mwakani watatujengea ghala jipya."

Watu wakapiga makofi. Bi Somoe naye akapiga. Kisha mgeni akazimimina zile choroko kwenye mfuko, akaufunga kwa lakiri nyekundu.

"Anazifungia nini, mwanangu? Si apike?"

"Hiki ndicho kipimo, mama. Mzigo ukifika kwao wataulinganisha na hizi. Ukiwa tofauti, wanaurudisha wote."

"Lakini hizi nilimchambulia mgeni!"

Likwata akautazama mfuko. "Na za ghalani?"

"Za ghalani ni kama zilivyotoka shambani."

Mgeni, bado anatabasamu, akanyoosha mkono. Bi Somoe akaupokea, asijue ampe asante au pole.

Gari la mgeni lilipoondoka, Bi Somoe alifungua ghala. Magunia yalikuwa yamegusa dari. Akakaa kizingitini, akapakata ungo, akachota konzi moja ya choroko na kuimwaga humo.

Baadaye kidogo akamwona Likwata anakuja na ungo wa mkewe, ameushika kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu.