Blogu ya Kidawa

Siku hizi mwanafunzi asipoandika, blogu yake ya maktaba ya shule hujiandika yenyewe kwa sauti yake. Binti yangu Kidawa aliugua wiki nzima, darasani asiulizwe na mtu. Blogu ilikuwa ikisifu: "Uji wa mama mtamu!"

Jioni moja Mwanaidi, mwenzake wa darasani, akapiga hodi.

"Shikamoo, mama. Kidawa anaumwa?"

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Hakuna. Ila nimeandika maoni pale kwenye blogu yake kwamba huyu si yeye. Kidawa gani huyu asiyelalamika?"

Asubuhi blogu ikaandika: "Leo uji wa mama una madonge."

Nikachungulia sufuria. Ulikuwa nayo kweli.

Kidawa akajiinua kitandani. "Mama, nipe kishikwambi. Nitalalamika mwenyewe."