Tuongoze, Baba Askofu

"Mpaka leo," askofu alisema, "sijaiacha ile sala aliyonifundisha marehemu mwinjilisti. Naisali kila asubuhi kabla sijashuka kitandani."

Kanisa zima likaitikia amina. Walikuwa wamekuja kumkumbuka mwinjilisti aliyewafundisha wengi wao kipaimara, na askofu alikuwa ameshanogewa na maneno.

Kwenye benchi la mbele, mjane wa marehemu akanyoosha mkono.

"Basi tuongoze, baba askofu. Tangu aondoke sijaisikia tena."

Watu wakainamisha vichwa, wakafumba macho. Askofu peke yake alibaki macho wazi.

Akafungua kinywa. Alilikumbuka darasa lile, vumbi la chaki, na jinsi mwinjilisti alivyokuwa akigonga benchi kwa pete yake, ko, ko, ili waanze pamoja. Sala yenyewe hakuikumbuka hata neno moja. Maikrofoni ilitoa pumzi zake tu. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kuinua kichwa.

Ko, ko.

Mjane ndiye aliyegonga, kwa pete ileile. Siku hizi aliivaa kwenye kidole gumba, maana vingine ilivipwaya. Alikuwa amefumbua macho, anamtazama.

 Kola ilimbana askofu ghafla, kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Bwana, umeniamsha," mjane akaianza sala kwa sauti ya chini, polepole, kama anayemtamkia mtoto. "Rudia, mwanangu."