Mke wa Kumi na Moja

"Vaa ile kanga nyekundu," Mtemi Masele alisema. "Watu wa boma wasidhani tumeshindwa."

Ngollo hakumwambia kwamba kanga nyekundu ilikuwa imechanika tangu kiangazi. Macho ya Mtemi yalikwisha kuingia ukungu, na mtu asiyeona hana haja ya kuhuzunishwa na kila kitu. Alijifunga ile ya kijani, akapiga magoti mbele ya mumewe kama desturi, akapiga makofi taratibu.

"Nimevaa, Mtemi."

Kila mwanzo wa mwezi ilikuwa hivyo. Huu ulikuwa mwaka wa nne tangu serikali ya Mwingereza imvue Masele utemi, kwa kosa la kukataa watu wake wahamishwe kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Mpwa wake, ambaye hakukataa kitu, alikalishwa kwenye kiti. Masele akaletwa Tabora, akapewa nyumba ya vyumba viwili huko Chemchem, kando ya njia ya zamani ya misafara. Babu yake aliwahi kutoza hongo, yaani ushuru wa njia, kila msafara uliopita katika nchi yake. Mjukuu sasa alikaa barazani akisikiliza nani anapita, na waliopita hawakumjua.

Siku alipofikishwa aliapa hatakanyaga boma maisha yake, wala mtu wa boma asikanyage mlango wake. Kwa hiyo shauri lake lote lilikwenda na kurudi kwa miguu ya Ngollo.

Serikali ilimruhusu kuja na mke mmoja. Wake walikuwa kumi na mmoja. Kalunde, mke mkubwa, alisema ana wanawe wa kulinda. Wa pili alisema mgongo. Wa tatu aliugua siku hiyohiyo, na ugonjwa ule ukawa wa kuambukiza kweli, maana ulishuka nyumba kwa nyumba mpaka ukafika kwa Ngollo, ambaye hakuulizwa. Hakuwahi kuulizwa jambo lolote. Baba yake alimtoa kwa Mtemi ili apewe unyampara wa kijiji. Baba akaupata, binti akapewa nyumba ya mwisho karibu na ghala la mtama. Misimu miwili ya mvua alifagia ua wake kila asubuhi na hakuna mtu aliyeingia.

Walipopanda garimoshi, kila mmoja na mzigo wake, Mtemi alimtazama na kumwuliza, "Wewe ndiye nani vile?"

Sasa alijua jina lake. Alijua hata mwendo wake akiwa bado yuko kisimani. Jioni moja alimwuliza, "Ngollo, umekula?" Jambo dogo tu, lakini Ngollo alikwenda nyuma ya nyumba akalia mpaka kanga ikalowa.

Ila garimoshi la Kigoma lilipopiga honi, Mtemi aligeuza uso upande wa magharibi. "Hilo linapita kwetu," alisema, kisha akaanza kutaja: Kalunde, watoto, mito, mpaka ng'ombe waliokufa zamani. Katika orodha hiyo ndefu jina la Ngollo halikuwamo. Wakati huo, ingawa walikaa mkeka mmoja na bega kwa bega, alijiona mpweke kuliko alivyokuwa kule karibu na ghala.

Mwezi huu kikohozi kilikuwa kimemshika Mtemi vibaya. Alimshika mkono kabla hajaondoka.

"Safari hii waambie vizuri. Kiti sikitaki tena, mpwa wangu akae nacho. Nataka nizikwe kwetu, basi. Mimi kweli nizikwe katika mji wa watu?"

"Nitasema, Mtemi."

"Huwa unawaambia vizuri?"

"Nawaambia."

Akamwachia mkono. Ngollo alibaki ameinama kidogo, kana kwamba bado ameshikwa.

Njiani, jirani yake Mwamvita alikuwa anakaanga vitumbua mbele ya nyumba. "Leo ndiyo siku yako ya boma, mwanangu? Mungu awalainishe mioyo. Nani mwingine angevumilia hivi, miaka minne, kwa mume mwenye wake kumi wengine?"

"Amina, mama," Ngollo alijibu, akaongeza mwendo.

Hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye mjini. Mambo yake yote aliyabeba mwenyewe, akayapanga kichwani toka Chemchem mpaka kwenye ngazi za boma, neno la kwanza na la pili, asije akakosea.

Karani Raymundi, mtu mzima mwenye miwani, alimfahamu. Alikuwa amekwisha kutoa faili kabla hajaketi.

"Shikamoo, karani."

"Marahaba, mama. Mzee hajambo?"

"Anakohoa. Usiku halali."

Raymundi alivua miwani akaifuta kwa shati, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mama, leo tuzungumze kama watu. Ruhusa yake ya kurudi nyumbani ina mwaka na nusu humu ndani. Mzungu wetu wa wilaya, Bwana Shauri, hana neno. Mpwa wake hana neno. Tiketi mbili za garimoshi zinawangoja. Safari hii anasemaje?"

Ngollo alimtazama karani akichovya kalamu kwenye wino.

"Andika kama mwezi uliopita," alisema. "Mtemi anashukuru, lakini ameizoea Tabora."