Magoti ya Mzee Vuai

“Mfalme anapiga magoti, jemadari anamwinua, wanakumbatiana, wageni wanapiga picha. Imeisha,” alisema Douglas.

“Mfalme hapigi magoti,” alijibu Gaspar, mkuu wa kikundi cha ngoma na mchezaji wa mfalme.

Walikuwa nyuma ya ukumbi wa hoteli moja kule The Pearl, Doha, katikati ya masanduku. Juu ya sanduku mojawapo zililazwa barakoa mbili za mti. Moja nyeusi, yenye jino la dhahabu, ya mfalme wa Wamaya. Nyingine ya rangi ya waridi, yenye ndevu za njano, ya jemadari wa Kihispania.

Mzee Vuai, mlinzi wa mlango wa nyuma, alikuwa zamuni, na hakuna neno lililompita.

Alikwisha kunywa na Gaspar chai nyingi za karaki, za maziwa na iliki, tangu kikundi kilipofika Doha. Kiingereza cha Vuai kilitoka masomo ya usiku Unguja, cha Gaspar kilitoka majikoni Marekani; wakikutanisha vyote viwili, vilitosha kwa mazungumzo. Ndivyo alivyojua habari za Chuwitz, mji mdogo wa milimani huko Guatemala, mahindi matupu na kanisa moja. Wahispania walivunja hekalu, wakawabebesha wenyeji mawe mgongoni, wakajenga kanisa kwa mawe yale yale. Tangu hapo, kila mwaka, watu wa Chuwitz huvicheza vita vya uvamizi ule mbele ya mlango wa kanisa.

“Mfalme huuawa,” Gaspar alimwambia, “lakini huuawa amesimama.”

“Kwetu Makunduchi tunaingia mwaka tukipigana kwa vigogo vya migomba,” Vuai alimjibu. “Siku akija mtu kutupangia nani ashinde, atapigwa yeye kwanza.”

Walicheka sana siku ile. Leo Gaspar hakuwa akicheka.

“Sawa, mfalme tunabadilisha,” alisema Douglas, msimamizi wa shughuli, Mkenya mwenye simu mbili. “Barakoa ni barakoa, mzee. Mtu yeyote anavaa.” Macho yake yakamwangukia Vuai: mfupi, mpana wa mabega, kama wanaume wote wa kikundi kile. “Mzee Vuai, kuja hapa. Ukivaa hiyo koti na glavu, hata bibi yako hatakujua. Kazi ni moja tu. Marimba ikinyamaza, piga magoti.”

“Mimi si mchezaji, bosi.”

“Mkataba wako unaisha mwezi huu, sindio? Piga magoti, niongee na watu wa ofisi. Ukikataa, utaenda kuuza madafu Zanzibar.”

Vuai alimfikiria binti yake Shani, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa chuo. Akafikiria pia kwamba tangu apate akili zake hajampigia binadamu magoti.

“Marimba ikinyamaza, nipige magoti,” alirudia polepole. “Hilo tu?”

“Hilo tu. Hata kucheza si lazima ujue. Zungukazunguka.”

“Basi nitapiga. Nimekuahidi.”

Gaspar alimtazama kama mtu aliyekaribishwa chai akakuta nzi ndani ya kikombe.

“Na wewe,” Douglas alimwambia Gaspar, “utavaa ile barakoa ya kima, ukae kwa marimba. Jemadari abaki huyo mpwa wako, Tomás. Yeye hana maneno mingi.”

Alipoondoka, Gaspar aliketi juu ya sanduku. “Mama yangu yu hai,” alisema. “Video itafika Chuwitz kabla yangu. Atamwona mfalme wetu yuko chini.”

Vuai alimmiminia karaki. “Kunywa kwanza. Kisha nieleze: kwenu, wakati wa kuvaa, nani huruhusiwa chumbani?”

“Wanaovaa tu. Mlango hufungwa. Ni mwiko mtu wa nje kujua nani amevaa nini mpaka ngoma iishe.”

“Mwiko mzuri huo,” alisema Vuai. Akavuta sanduku karibu, akainamisha kichwa, wakanong’ona mpaka chai ikapoa.

Baada ya magharibi, mlinzi wa mlango aliingia chumbani pamoja na wachezaji, akaufunga mlango kwa ndani. Douglas akagonga.

“Mko tayari? Nifungulieni nione!”

“Mwiko, bosi,” Vuai alimjibu.

Walitoka wakiwa wamefunikwa kutoka kisogo hadi kidole. Kima akakaa kwenye marimba na kuipiga kwa mikono miepesi kama ya kijana. Mfalme na jemadari wakaanza kuzungukana juu ya zulia. Jemadari alijikwaa mara mbili, wageni wakacheka. Mfalme alikanyaga kwa maringo, kila hatua mahali pake.

“Aki huyu mzee wa Zanzibar anajua ngoma,” Douglas alimnong’oneza mpiga picha. “Sasa ngoja. Usiikose hii.”

Ndani ya barakoa Vuai alinusa mti mkavu na jasho la watu waliokufa zamani. Matundu ya macho yalikuwa madogo. Aliona zulia, taa, na simu zimeinuliwa ukumbi mzima. Magoti yake yalikuwa yakimwuma. Akamtaja Shani kimoyomoyo, akavuta pumzi.

Marimba ikanyamaza. Pembeni, Douglas akainua kidole gumba.

Vuai akapiga magoti, kama alivyoagizwa. Ndevu zake za njano zikagusa zulia, na juu ya kichwa chake, mbele ya simu zote, likameta jino la dhahabu la mfalme aliyesimama.