Biskuti za Tende

Tangu daktari amkataze mama yake mayai, maziwa na samli, biskuti za Zuwena, zilizosifiwa mtaa mzima, zilikuwa zikilala mkebeni. Leo wifi yake Mwatumu, aliyeolewa juzi tu, hakuwasha hata jiko. Alitwanga tende na karanga, akachanganya na nazi iliyokunwa, akafinyanga biskuti ndogo ndogo na kuzipanga kwenye sinia. Zuwena alimtazama kwa kijicho.

Mama, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alitafuna moja, akapapasa nyingine.

"Zuwena, mwanangu, leo umenipatia."

Mwatumu alimtazama wifi yake, akisubiri.

"Ongeza, mama," Zuwena alisema, akamsogezea sinia, huku Mwatumu akifuta polepole tende iliyomganda vidoleni.