Vidude vya Masikioni

Alikuwa amechuchumaa mlangoni akifunga kamba za raba, hedifoni zikimwimbia, mama mkwe wake aliposema kutoka jikoni kwa sauti ya kufukuzia kuku:

"Kutwa kukimbia! Kwani huyu atazaa kilomita?"

Wifi yake, aliyekuwa akimenya vitunguu, akaangua kicheko. "Mama, taratibu basi."

"Taratibu ya nini? Si kaziba masikio na vidude vyake! Kaka yako akirudi safari namwoza mwingine. Huyu atatoka na raba zake hizo hizo."

Kidole chake kikabaki kimenasa kwenye fundo la kamba. Tangu anunue hedifoni hizo walikuwa wakimsema namna hiyo, naye akimeza. Wala hazizibi kitu. Zinakaa juu ya sikio kama penseli ya seremala, muziki unaingia na maneno ya watu yanaingia.

Leo hakutoka. Alikwenda jikoni akitabasamu, akazivua, akamvisha mama mkwe mwenyewe.

"Hebu sikiliza, mama. Ngoma tamu hiyo."

Mama mkwe akaguna, kisha bega likaanza kucheza. Wifi akacheka tena.

Mke wa mwana akarudi hadi mlangoni, akaegemea mwimo. Hakupaza sauti hata kidogo.

"Mama, huyo mwingine mnamleta lini?"

Bega likaganda. Mkono wa mama mkwe ukapanda polepole hadi sikioni, ukapapasa, ukakuta tundu liko wazi.